Omuramba na Chungwa: Juisi Ipi Ifundishwe Maabarani?

Mwalimu mmoja wa kemia katika shule ya sekondari wilayani Kyerwa alinieleza, wala si kwa mzaha, kwamba zoezi lake la kupima vitamini C lilikuwa limeahirishwa mara mbili kwa kukosa machungwa. Kitabu kilitaka maji ya chungwa yaliyokamuliwa saa ileile. Gulioni Nkwenda machungwa yaliyokuwapo yalikuwa yamekwisha kusafiri siku nyingi garini, na maganda yake yalikuwa yamesinyaa. Tulikuwa tumesimama nje ya maabara tukizungumza, na nyuma ya mwalimu yule, hatua zisizozidi 20, lilianza shamba la migomba ambalo mwisho wake haukuonekana.

“Na ndizi je?” nikamwuliza.

Akacheka. “Daktari, ndizi haina juisi. Ndizi ina pombe.”

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, kwa kuwa mwalimu yule ni mzaliwa wa hukohuko, na bila shaka alipokuwa mtoto alikunywa omuramba kabla hajapata kuonja maji ya chungwa. Omuramba ndiyo juisi ya ndizi. Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa huiita hivyo, Wahaya husema omulamba, Waganda mubisi, Wanyankole eshande, Wanyarwanda umutobe. Kinywaji chenye majina yote hayo katika eneo dogo namna hii si kitu cha jana. Hata hivyo mtu aliyesoma kemia hadi chuo kikuu hakikumjia akilini alipotafuta juisi. Maoni yangu ni kwamba kosa si lake. Ni letu sisi tunaoandika mitaala na vitabu, nasi tumewafundisha walimu kwamba sayansi ya juisi huanza na kuishia kwenye chungwa.

Sisemi chungwa litupwe. Chungwa ni tunda jema, na ukweli ni kwamba nalo wengi wetu tunalikamua vibaya. Hebu tulitazame kwanza, maana bila chungwa hatutaona ajabu iliyomo katika ndizi.

Ukilikata chungwa kwa upana, utaona kila kipande kimejaa vifuko vidogo virefu, vimebanana kama punje za mahindi. Kila kifuko ni chupa iliyokwisha kujazwa maji, sukari, tindikali na vitamini. Kazi ya mkamuaji ni kupasua chupa hizo tu. Ndiyo sababu mkono mtupu watosha. Mwenye haraka hukosea kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Akilifinya ganda, mafuta yaliyomo katika vitundu vya ganda huchuruzika na kuchoma ulimi. Akizisaga mbegu, uchungu wake huingia ndani. Na hata akifanya yote kwa uangalifu, kisha akaiweka juisi tangu asubuhi hadi jioni, huenda akaikuta imekuwa chungu kama dawa ingawa hakuna aliyeongeza kitu. Katika nyama ya chungwa mna kitu kisicho na ladha, ambacho kikichanganyika na tindikali baada ya vifuko kupasuka hugeuka polepole kuwa limonini, na limonini ni chungu. Machungwa mengine hufanya hivyo zaidi kuliko mengine. Kwa hiyo basi: lioshe chungwa, lizungushe mezani chini ya kiganja mpaka lilegee, likate kwa upana, likamue taratibu, chuja mbegu, kunywa. Hayo ndiyo yote. Chungwa halimdai mkamuaji maarifa mengi, kwa kuwa kazi kubwa limekwisha kuifanya lenyewe lilipokuwa mtini.

Sasa chukua ndizi mbivu, hata iwe laini namna gani, uifunge katika kitambaa safi na kuikamua. Utapata uji. Ongeza nguvu, utapata uji mwingi zaidi, na kitambaa kitaziba. Ndizi mbivu ni maji kwa sehemu kubwa, lakini maji hayo yameshikwa. Kinachoyashika hasa ni pektini, ile gundi ya asili inayounganisha seli za mimea, na ambayo wapika jemu huitegemea ili jemu igande. Ndizi inapoiva, sehemu ya gundi hiyo huyeyuka katika maji ya tunda, na maji yakawa mazito, yenye kunata, yasiyotaka kuachana na nyama yake. Chungwa ni ghala la chupa. Ndizi ni sifongo iliyolowana gundi.

Viwanda vya nchi zilizoendelea vililitatua tatizo hilo kwa kimeng'enya kiitwacho pektinesi, kinachopatikana kwa kuotesha ukungu wa jamii ya Aspergillus. Kimeng'enya hicho huikatakata gundi, uji ukawa mwepesi, maji yakachujika. Nilifundishwa hayo Ulaya, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu. Mhadhiri wetu, mtu mwema na mjuzi, alituambia kwamba juisi angavu ya ndizi haipatikani bila kimeng'enya. Nilikuwa Mwafrika pekee katika chumba kile, na nilikuwa nimemwona baba mdogo akiitoa juisi hiyo kwa nyasi, mara zisizo na idadi. Sikuinua mkono. Nilijua kwamba alilosema si kweli; sikujua kwa nini si kweli. Nilihofu kuulizwa swali la pili. Yapata miaka 15 imepita, na bado naona haya nikikumbuka. Tangu hapo nimetamani mwanafunzi wa Karagwe atakayekaa katika kiti kama kile awe na jibu la swali la pili.

Jibu laanzia shambani. Juisi haitoki katika kila ndizi. Matoke, ambayo ni chakula chetu cha kila siku, hayafai. Zinazofaa hasa ni ndizi ziitwazo embiire, ambazo zikiwa mbichi zina ukakasi na utomvu mwingi hata hazipikiki zikalika kwa raha. Pamoja nazo hutumika kainja na kisubi, ndizi zilizoingia kwetu baadaye kutoka nje. Mzee yeyote wa Karagwe atakuambia kwamba embiire “ina maji” na toke “halina”. Ukipima maabarani hutaona tofauti kubwa ya maji kati ya ndizi hizo mbili zikiwa mbivu. Tofauti iko katika kuyaachia.

Ndizi zikishakomaa hukatwa zingali mbichi, kisha huvumbikwa. Shimo huchimbwa, hupashwa moto, hutandikwa majani ya mgomba, mikungu hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani na udongo, na baada ya siku chache hufukuliwa zimeiva zote kwa pamoja. Wengine huzianika kwenye dari juu ya meko. Watu wengi hudhani ni joto tu linaloivisha. Joto husaidia, lakini moshi wa kuni una gesi iitwayo ethilini, na ndizi yenyewe inapoanza kuiva hutoa gesi iyo hiyo; shimo lililofunikwa huizuia isitawanyike, nayo huamsha kuiva katika ndizi zilizobaki. Meli na maghala ya ndizi ya Ulaya hutegemea sheria hiyohiyo: huondoa ethilini ndizi zikiwa safarini na kuipulizia zinapotakiwa kuiva. Wakati huo wanga hugeuka sukari. Katika ndizi mbichi, karibu sehemu 20 katika 100 za nyama yake ni wanga; ikiiva, wanga unaosalia ni sehemu 1 au 2 tu.

Baada ya kumenywa, ndizi hutiwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa, au katika beseni zikiwa chache, pamoja na nyasi kavu ngumu. Nyasi zinazopendwa katika nchi za maziwa makuu ni zile ambazo wanabotania huziita Imperata cylindrica, adui wa kila mkulima. Kisha hukandwa, zikiwa nyingi hukandwa kwa miguu, na kazi hiyo kwa desturi ni ya wanaume. Hapo ndipo jambo lenyewe hutokea, na nawaomba wanafunzi walitazame kwa macho yao. Kwa muda mrefu haionekani dalili yoyote. Uji unanata mikononi, unashika nyasi, mkono unachoka. Kisha ghafla uji unaacha kunata. Unajikusanya kama sifongo, povu linaonekana, na kati ya nyasi maji yanaanza kutiririka, mepesi na angavu. Nilipomwuliza baba mdogo, “Baba, wajuaje kuwa imekuwa tayari?” alinijibu, “Itakuachia mkono.” Nilidhani alisema juu ya mkono. Alikuwa akisema juu ya pektini.

Embiire huachia kwa nini, na toke lisiachie? Mwaka 2006 William Kyamuhangire wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa hadubini juu ya nyama ya ndizi za aina mbalimbali. Walieleza kwamba kiasi cha tanini na mifereji ya utomvu inayoihifadhi yaelekea ndiyo yenye kuamua kama ndizi itatoa maji au la. Tanini ndiyo ule ukakasi. Ni kitu kinachoshikamana na protini kwa nguvu: ukinywa chai kali isiyo na maziwa, ulimi hukauka kwa sababu tanini imeyakamata mate, ngozi mbichi ikilowekwa katika dawa itokanayo na magome ya miwati, kama ile ya Njombe, huwa ngozi isiyooza kwa sababu hiyohiyo. Katika ndizi mbivu isiyoguswa, tanini imefungiwa katika mifereji yake, mbali na gundi. Nyasi huichana mifereji hiyo. Tanini ikitoka hukutana na protini pamoja na pektini, huvifunga pamoja vikaganda, mfano wa maziwa yanavyokatika, na maji yaliyokuwa yameshikwa hubaki hayana wa kuyashika. Nyasi zenyewe hufanya kazi tatu kwa mpigo: huchana, hugawa uji usiwe donge moja, na huacha njia za maji kupita.

Tafakari jambo hilo, ndugu mwalimu. Kiwanda huikata gundi kwa kimeng'enya kinachonunuliwa. Mkulima wa Karagwe huigandisha gundi kwa tanini iliyomo katika tunda lenyewe. Njia hizo mbili ni tofauti kabisa kikemia, na zote zafika. Tena ile ya pili ilibuniwa na watu wasiokuwa na hadubini, ambao walichagua, kizazi baada ya kizazi, mgomba ambao tunda lake halifai kuliwa, wakautunza kwa ajili ya kasoro yake.

Mambo hayo yote yanaweza kufanywa katika maabara iliyo maskini kabisa, na hapo ndipo chungwa na ndizi zinapopaswa kuwekwa mezani pamoja. Chukua toke lililoiva, embiire iliyoiva na kisukari, kila moja gramu 500 za nyama, na nyasi kavu zilizooshwa za uzito uleule. Kila kikundi kikande kwa dakika zilezile, kichuje kwa kitambaa cha aina moja, kipime maji kwa silinda ya kupimia. Kila siku tangu ndizi zivumbikwe, kata kisahani chembamba na kukidondoshea iodini. Weusi wa wanga utapungua siku hadi siku mbele ya macho ya darasa. Dondosha kloridi ya chuma katika maji ya embiire na katika maji ya chungwa, ulinganishe rangi. Mwanafunzi aliyewahi kumenya embiire kwa kisu cha chuma kisha akaona kisu kimekuwa cheusi ataelewa bila kuelezwa. Na kama wapo wenye ushupavu, waongeze chai kali iliyopoa katika uji wa toke, wakande tena, waandike kinachotokea kama kilivyo, kipendeze au kisipendeze.

Vitamini C nayo ipimwe, kwa iodini na maji ya wanga. Hapo chungwa litashinda kwa mbali. Lina miligramu 50 hivi katika kila gramu 100, na ndizi haifikii hata robo ya hizo. Lakini mwalimu ajihadhari na mtego mmoja, ambao kwangu ni somo bora kuliko zoezi lenyewe: tanini pia hula iodini. Mwanafunzi akihesabu matone akatangaza kwamba embiire ina vitamini nyingi, aulizwe amejuaje kuwa kilichoiondoa iodini ni vitamini. Katika chungwa swali hilo halijitokezi kwa ukali namna hiyo, na ndiyo maana zoezi la chungwa peke yake huzaa watu wanaofuata maagizo ya kitabu, nao wakajiona wamepima.

Najua pingamizi la kwanza, kwa kuwa nimelisikia kwa walimu wakuu na kwa viongozi wa dini. Omuramba ni mlango wa pombe. Ni kweli. Omuramba huo huo ukitiwa unga wa mtama uliokaangwa, ukafunikwa, siku moja au mbili zatosha kuugeuza. Hamira za porini ziko katika maganda, katika nyasi na katika mtumbwi. Hata bila mtama juisi haitakaa salama. Tena tindikali ya ndizi ni hafifu kuliko ya chungwa, kwa hiyo vijidudu vya uchafu navyo hupata nafasi. Lakini kuficha somo hakuzuii ulevi. Kijana wa kidato cha tatu anajua mahali pombe inapouzwa. Asichokijua ni kwa nini juisi ya asubuhi hutoa povu jioni, wala kwa nini gongo lililochomwa kwa ndizi laweza kumpofusha mtu. Pektini hiyohiyo tuliyoizungumza, ikivunjika wakati wa kuchacha, huachia methanoli, na mchomaji asiyejua kutenga mvuke wa kwanza huikusanya sumu hiyo kwenye chupa. Hiyo ni kemia ya kidato cha nne. Nani atamfundisha kama si mwalimu?

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Omuramba ni mtamu mno. Ule wa kwanza usiotiwa maji aghalabu una sukari isiyopungua sehemu 20 katika 100, mara mbili hivi ya maji ya chungwa. Bilauri ya mililita 250 yaweza kubeba gramu 50 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari huru, na ile ya juisi za matunda ikiwamo, isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu zote tunazopata kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku nzima. Bilauri moja, na siku imekwisha. Wazee walikuwa wakiongeza maji, na wakipitisha maji mara ya pili katika machicha, ingawa nia yao ilikuwa kuongeza wingi. Nyumbani yafaa kuongeza maji yaliyochemshwa, nusu kwa nusu, na kunywa kidogo. Mikono ioshwe kwa sabuni, nyasi zioshwe na kuanikwa juani, na mtindo wa kukanda kwa miguu uachwe kwa kinywaji cha watoto. Anayetaka kuuhifadhi omuramba kwa kuuchemsha atauona unafifia mng'aro na kutoa mashapo, kwa kuwa joto huzigandisha protini zilizosalia pamoja na tanini. Hilo nalo ni zoezi. Sikubali, hata hivyo, hoja ya wale wanaoukataa omuramba kwa ajili ya sukari, ilhali duka la shule linauza unga wa rangi ya chungwa ndani ya pakiti, ambao haujapata kuonana na chungwa.

Yote niliyoyasema yangeweza kungoja, kama embiire zenyewe zingeweza kungoja. Haziwezi. Mgomba tunaoulima hauna mbegu. Huendelezwa kwa machipukizi peke yake. Mahindi yakipotea shambani yaweza kubaki katika kibuyu. Mgomba ukipotea shambani umepotea. Mwaka 1998 Deborah Karamura, mtafiti wa Uganda, alizipanga ndizi zetu za nyanda za juu katika makundi matano, na moja kati ya hayo matano ni kundi zima la ndizi za pombe na juisi, ambazo Waganda huziita mbidde na sisi embiire. Kila kundi lina aina nyingi zenye majina yake, na majina hayo yamo vinywani mwa wazee.

Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria wa jamii ya Xanthomonas ulitambuliwa Uganda, na katikati ya muongo huo ukavuka hadi Kagera. Wadudu huubeba kutoka ua dume hadi ua dume, wakifuata utomvu unaotoka kwenye kovu la vikonyo vilivyoanguka. Kainja ndiyo iliyoteketea vibaya zaidi, kwa kuwa ua lake huacha makovu mabichi wazi. Wakulima walielekezwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, ili wasihamishe ugonjwa kwa chuma. Waliofanya hivyo waliokoa mashamba yao. Lakini shamba likishang'olewa, mtu hupanda nini? Hupanda chakula kwanza. Hupanda toke, au zile aina za FHIA zilizozalishwa Honduras na kusambazwa mkoani Kagera tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ambazo zina mikungu mikubwa na zimewasaidia wengi. Embiire hungoja zamu yake, na zamu hiyo mara nyingi haifiki. Simlaumu mkulima, ana watoto wa kulisha.

Huko Leuven, Ubelgiji, kuna hifadhi ya kimataifa ya migomba iliyoanzishwa mwaka 1985, yenye aina zaidi ya 1,500 zinazotunzwa ndani ya vichupa. Nafurahi kwamba ipo. Lakini hifadhi ile hutunza mmea. Haitunzi mkono unaojua ni lini uji utauachia. Kijana wa Kyerwa akipelekewa chipukizi kutoka Leuven baada ya miaka 30, atalipanda, litazaa, atamenya ndizi zake, atazikanda, na kama hakuna aliyemfundisha atapata uji, akasema ndizi haina juisi.

Shule nyingi za wilaya hizi mbili zina mashamba. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 uliyataka yawepo, nayo yakawapo, ingawa katika shule nyingi yaligeuka kuwa mahali pa kuwapeleka wachelewaji na watukutu. Natoa rai kwamba sehemu ndogo ya shamba, ile iliyo karibu na maabara, ikabidhiwe kwa mwalimu wa kemia na mwalimu wa biolojia kwa pamoja. Wanafunzi waulize majumbani kwao ni embiire gani zingalipo, walete machipukizi kutoka mashina yasiyo na ugonjwa, na mwalimu ahakikishe hilo kabla hayajavuka lango. Mashina matatu ya kila aina yatosha. Kila shina liwe na kibao chenye jina lake la Kinyambo kama mzee alivyolitamka, jina la kijiji lilikotoka, na mwaka. Kijiti chenye panda kiwekwe mlangoni mwa maabara pamoja na vifaa vingine. Upande wa pili, kama nafasi ipo, upandwe mchungwa mmoja. Migomba itazaa katika mwaka wa pili. Mchungwa utachelewa zaidi, lakini kufikia hapo zoezi la vitamini C halitakuwa na sababu ya kuahirishwa.